Kaseti ya Buganguzi na Santuri ya Nairobi

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Ijumbi, nikifundisha Kiswahili na hesabu, na kila Jumamosi nilirudi nyumbani Buganguzi kwa wazazi wangu. Watu wananikumbuka kwa mambo mengine, lakini vijana wanaopenda muziki huja kuniuliza jambo moja tu: ni kweli kwamba nilikuwa na nyimbo za mpiga gitaa wetu kabla hazijawa santuri? Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba nilimwambia usoni wapi alijishinda na wapi alijiharibu.

Alikuwa kijana wa jirani yetu. Mchana alifanya kazi Maruku, kwenye kituo cha utafiti, akihudumia miche ya kahawa. Mwisho wa juma alipiga gitaa katika bendi moja ya Bukoba mjini. Alivaa bugaluu, suruali zile pana chini, na viatu vya raizoni vyenye soli nene, nywele amezifuga hadi mama yake alikuwa akimwomba padre amseme. Wenzake kwenye bendi walipenda rumba. Yeye alipenda roki, ile ya gitaa linalonguruma, aliyoisikia kwenye redio za mbali na kwenye santuri za wanafunzi waliotoka Kampala. Alikuwa ameanza kutunga nyimbo zake mwenyewe za namna hiyo, na hakuna aliyetaka kuzisikiliza isipokuwa mimi.

Siku moja ya likizo, msimu wa senene, alikuja kwetu na gitaa la bendi kwenye gunia. Alijua kaka yangu ametuletea redio kaseti yenye kurekodi. Alimwamkia taata, yaani baba yangu, kwa heshima zote, akamweleza anachotaka, akaomba stoo ya kahawa. Taata aliuliza kwa nini stoo wakati sebule ipo. Akajibu kwamba magunia yanakula mwangwi, sauti haitarudi. Taata hakuelewa vizuri, lakini alipenda kijana anayejua sababu ya jambo lake, akamfungulia.

Buganguzi hatukuwa na umeme. Kijana yule alifungua mgongo wa redio kubwa ya mbao ya taata, ile ya betri, akaunganisha waya wa gitaa humo ndani. Spika ya redio ikazidiwa. Kila alipopiga nyuzi nzito ilikwaruza na kuunguruma kama injini ya lori linalopanda kilima. Mimi nilishika redio kaseti magotini, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja kama alivyonielekeza, na akaimba nyimbo tatu mfululizo.

Wa kwanza ulihusu kahawa kuiva, mwepesi, wa kuchezeka. Wa pili ulikuwa wa kijana aliyekatiwa suruali yake pana kwa mkasi kituo cha basi, na walinzi wa utamaduni waliomkatia wakabaki wakibishana nani aende na kitambaa. Ulinichekesha mpaka mkono ukatikisika, na kutikisika huko kumo kwenye kaseti. Wa tatu ulikuwa wa babu yake, aliyekuwa mpiga nanga, ile ala yetu ya bao lenye nyuzi. Ulikwenda polepole. Katikati aliacha Kiswahili akaimba Kihaya, kisha akaacha kuimba kabisa, akalifanya gitaa litembee kama nanga ya babu, sauti ikirudia palepale na kubadilika kidogo kila inaporudi. Mvua ilianza kwenye bati wakati huo. Mama akamwita aje kula ndizi zisipoe, naye akamjibu "Naija, maawe," nakuja mama, bila kuacha kupiga.

Aliniachia kaseti kwa sababu hakuwa na cha kuichezea. Nilikwenda nayo Ijumbi pamoja na redio kaseti. Betri zikichoka nilizianika juani juu ya ukuta wa shule, zikapata nguvu za wimbo mwingine mmoja au miwili. Nilizijua nyimbo zile hadi pale alipovuta pumzi. Sikuwa nikimtaka mwimbaji, kama wenzangu walivyodhani. Nilikuwa na mchumba wangu, ambaye baadaye alinioa. Nilizitaka nyimbo.

Mwaka uliofuata bendi ilipanda meli kwenda Mwanza, na kutoka huko ikaenda Nairobi kurekodi. Walirudi na santuri mbili ndogo, na nyimbo zetu tatu, ambazo mwishowe bendi ilikuwa imezikubali, zilikuwamo. Mara ya kwanza kusikia mmoja wao redioni nilikuwa ofisini kwa walimu, saa ya chai. Ulikuwa ule wa babu. Walimu walishangilia kwamba kijana wa Muleba, wilaya yetu, yumo redioni, na mwalimu mkuu akaongeza sauti. Mimi nilikaa na kikombe mkononi nikisubiri gitaa litembee. Halikutembea. Tarumbeta ziliingia pale lilipopaswa kuanza, mwendo ukaongezeka, na wimbo ukaisha.

Mwalimu mkuu akaniuliza mbona sifurahi. Nikamwambia wimbo umekatwa kiuno, kwamba Kihaya na gitaa la katikati havimo. Alicheka, akasema mimi ni mwalimu wa Kiswahili, ningefurahi kwamba Kihaya kimeondolewa na sasa taifa zima linaelewa. Nikamjibu kwamba Kiswahili nakipenda na ndicho kinachonilisha, lakini babu yule hakuimba Kiswahili hata siku moja, na taifa zima lingeelewa hivyo pia.

Sikutaka kuonekana ninabisha kwa hisia tu. Mwalimu mwenzangu, mwanamke wa Kilutheri aliyeishi karibu na shule, alikuwa na gramafoni nyumbani, na mume wake alikuwa amezinunua zile santuri. Jumapili moja, wao wametoka ibada na mimi nimetoka misa, nilipeleka redio kaseti kwao. Tukaziweka mashine mbili mezani. Tulisikiliza wimbo wa kaseti, kisha wimbo wa santuri, kisha tukarudia, na watoto tukawatuma nje wakacheze.

Wimbo wa kahawa, santuri ilishinda, na nilisema hivyo kabla ya wenyeji wangu kusema. Nairobi walimpa besi na ngoma, wakamwezesha kuimba mara mbili, sauti moja juu ya nyingine, naye akapanda juu mahali ambapo stooni alikuwa ameogopa kupanda. Kaseti ilisikika kama mtu anayeeleza sherehe. Santuri ilikuwa sherehe yenyewe.

Wimbo wa suruali ulitupa shida. Ngoma za santuri zilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia. Lakini kijana wa suruali alikuwa amegeuka kijana mwenye jembe begani, anayewahi shamba la kijiji. Maneno yalipachikwa juu ya sauti ileile ya utani, na jembe likawa linachekwa bila mtu kukusudia. Mume wa mwenzangu alikuwa mtu wa chama. Alisikiliza zote mbili, akasema polepole kwamba yeye ni mjamaa kamili, lakini afadhali suruali.

Wa tatu hatukubishana. Kaseti ilipofika kwenye gitaa na mvua, mwenzangu aliacha kumenya ndizi. Tuliposikiliza santuri, mume wake aliinua sindano kabla wimbo haujaisha.

Habari zilisambaa. Watu wakaanza kuja kwetu Buganguzi kila Jumamosi kuomba kusikia kaseti, hasa suruali. Wengine walikwenda kumwambia mpiga gitaa mwenyewe, "Yule binti mwalimu ana nyimbo zako bora kuliko zako." Akapanda basi akaja. Alinikuta uani na mama, akaamkia, akakaa kwenye kigoda, na sura yake haikuwa ya kirafiki.

"Mwalimu, nimekuja kuchukua kaseti niifute," akasema. "Yale yalikuwa mazoezi. Kiongozi wa bendi anasema unatuvunjia jina."

Nilimwambia siwezi kumpa aifute, ila nitampigia aisikie, kwa sababu nilijua hajaisikia tangu siku ile. Akasema anazijua nyimbo zake. Nikaileta redio kaseti hata hivyo. Kabla sijabonyeza nilimweleza hukumu yangu yote kwa mpangilio: kahawa amejishinda mwenyewe na ninampongeza, suruali ameuza maneno akanunua ngoma, babu amemtupa.

Neno hilo la mwisho lilimchoma. Mama alinitazama kwa kunionya, lakini sikulirudisha. Nikaupiga wimbo wa tatu.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Gitaa lilipoanza kutembea, vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kusogea juu ya goti. Wimbo ulipoisha alinieleza ilivyokuwa. Fundi wa Nairobi alikuwa mtu mwema, hakumdharau. Alimwambia wimbo mrefu hauenei kwenye upande wa santuri ndogo, na kwamba katikati watu hawatajua wafanye nini, wacheze au wakae. Kiongozi wa bendi akakubali upesi, kwa sababu wapiga tarumbeta walikuwa wamekaa bure. Na gitaa alilopewa lilikuwa safi kabisa, halikukwaruza hata kidogo.

"Nilidhani usafi ndio uzuri," akasema.

"Kwenye kahawa ndio," nikamwambia. "Kwa babu, hapana."

Aliomba nimpigie tena. Nikampigia. Halafu akala chakula cha mama, akaaga, na kaseti akaiacha.

Baada ya kama mwezi hivi bendi ilipiga dansi katika ukumbi mmoja wa Bukoba mjini, mchana wa sikukuu. Nilikwenda na mchumba wangu na yule mwenzangu wa Ijumbi. Walipofika kwenye wimbo wa babu walianza kama santuri, na watu wakajaa uwanjani. Pale penye tarumbeta, mpiga gitaa wetu alipiga hatua mbele akawageukia wapiga tarumbeta na kutikisa kichwa. Wakashusha vyombo. Akaimba Kihaya chake, kisha akaliachia gitaa, na kipaza sauti chake kikakwaruza kama redio ya taata. Mpaka leo sijui alikichokonoa vipi.

Fundi wa Nairobi hakukosea: watu hawakujua wafanye nini. Waliokuwa wakicheza wawiliwawili walisimama katikati ya ukumbi wameshikana. Baadhi walirudi kwenye viti wakilalamika. Kiongozi wa bendi alikuwa amenuna waziwazi. Lakini wale wazee waliokuja kuwasindikiza binti zao, waliokaa ukutani tangu dansi ianze, waliinuka mmoja mmoja wakasogea mbele kumwona huyu kijana mwenye nywele anayepiga nanga kwa umeme. Mmoja alianza kumwitikia kwa Kihaya, kama wasikilizaji wa nanga wanavyofanya, na wenzake wakafuata. Wimbo ulikwenda mara mbili ya urefu wake wa kwenye kaseti. Mimi nilisimama nimeshikilia mkono wa mchumba wangu na sikuwa na la kusahihisha.

Kiongozi wa bendi alimkaripia mbele ya wenzake. Wakapatana kwamba wimbo ule utapigwa kwa namna mbili: wa kucheza na wa kusikiliza, kutegemea ukumbi. Hiyo haikumtosha. Kabla mwaka haujageuka alijitenga, akawa anapiga na vijana wawili wa Maruku, muziki wa roki mtupu kwa Kihaya na Kiswahili, kwenye harusi na mikutano ya shule. Hawakupata umaarufu mkubwa. Walipata watu wanaokaa kimya wakati wa kusikiliza, na aliniambia hicho ndicho alichokitaka.

Kuhusu wimbo wa suruali tulibaki tunabishana. Yeye alishikilia kwamba ngoma zile zilistahili maneno yoyote, hata ya jembe. Mimi sikubali.

Tangu siku ya ukumbi alikuwa na desturi ya kuja kwetu, na nilipoolewa akawa anakuja kwa mume wangu, kila mara akiwa na wimbo mpya ambao hajauonyesha kwa mtu. Wa kwanza wa namna hiyo ulihusu mama yake na bustani ya maharage. Aliuimba kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, kwa gitaa la kawaida lisilo na waya. Nikamwambia mwanzo ni mzuri, mwisho ni mzuri, ubeti wa pili umelala. Hakununa. Akaegemeza gitaa ukutani, akaomba maji ya kunywa, na tukaanza kuutafuta ubeti wa pili.