Hatua Kumi Nyuma ya Mama Mkwe

Matembezi ya juzi yalinigharimu ndala ya mguu wa kushoto, bei ya samaki wanne, na heshima kiasi ambacho sijamaliza kukipima. Nimehesabu mara mbili, bado naona nimepata faida.

Nilitoka Kasongo kuja Kabambare kumchukua mke wangu. Alikuja kwao kujifungua mtoto wetu wa kwanza, kama desturi inavyotaka. Mtoto sasa ana miezi mitano na mashavu ya kutosha watoto wawili, lakini mama mkwe hasemi lolote la kuwaachia. Nami, ninayebishana hata bei ya chumvi, mbele yake nina kufuli mdomoni: mkwe humgusi, humtazami usoni, humkatalii kitu.

Asubuhi ile, kwa kuwa naye hasemi nami ana kwa ana, akauambia mlango: "Mukwe anisindikize shamba."

Nikamfuata, hatua kumi nyuma. Njia inakwenda na mto, chini ya miti mirefu, laini kwa majani. Vipepeo vya manjano vilijaa kwenye mchanga wenye maji, vikaruka vyote pamoja nilipopita. Nilisahau kuhesabu hatua. Alipotaka kunipa kitu, alikiweka chini njiani akaendelea, nami nikaokota: uyoga, kuni, mkungu wa ndizi. Kwenye gogo la kuvukia kijito yeye alipita wima; mimi nilipita kwa magoti, na ndala ikaondoka na maji. Mbele yangu niliona mabega yake yakitikisika.

Ng'ambo, mama mmoja alikuwa akiuza samaki. Alitaja bei, na mama mkwe akaanza kufungua fundo la kitenge alipe hivyohivyo. Sikuweza.

"Mama, hiyo samaki iko na dhahabu ndani?" nikapaza sauti. "Hiyo ni bei ya wachimbaji!"

"Unapiga kelele kule kama mbuzi wa kamba! Kuja karibu!"

"Siwezi. Mama mukwe iko hapo."

Muuzaji akacheka mpaka akakaa chini. Tulibishana kwa kupaza sauti, mama mkwe katikati kama mpaka, mpaka bei ikashuka nusu. Mama mkwe akasogea kando, nikaja nikalipa, nikaweka samaki njiani, nikarudi nyuma, nikingoja aibu yangu.

Mama mkwe akauambia mto: "Kumbe iko na mudomo! Nilijua mutoto wangu aliolewa na bubu, nikasema watu watamuibia, nyumba yote itakufa njaa. Awachukue muke na mutoto. Na mimi ninakwenda nao, nione hiyo nyumba."

Nilirudi nikiimba, mguu mmoja peku.

Tunaondoka keshokutwa. Pikipiki zimepatikana mbili tu: moja ya mke, mtoto na mizigo. Nyingine inabeba dereva, mama mkwe na mimi, siku nzima, juu ya barabara ile ya mashimo. Mliosafiri na wakwe zenu, mlikaaje? Nishaurini kabla ya keshokutwa.