Mchezo Usiotaka Machozi

Jumanne moja ya mwezi wa Aprili nilimpoteza kaka yangu. Figo zake zilikuwa zimekataa kufanya kazi. Aliacha kikundi kidogo cha maigizo na mchezo uliokuwa haujafika soko la Oldonyiro.

Mimi niliishia darasa la saba. Yeye alisoma chuo, na huko alikutana na maandishi ya Mjerumani mmoja, mtunzi wa michezo ya kuigiza. Kaka alisema waigizaji wengi wa michezo ya siasa duniani wamejifunza kwake. Mjerumani huyo hakutaka mtazamaji azame kwenye hadithi mpaka asahau kufikiri. Kwa hiyo kikundi cha kaka hakikuwa na pazia. Walibadilisha nguo mbele ya watu, na kabla ya maneno ya mhusika, tuseme mama, mwigizaji alisema kwanza, "Huyu mama alisema."

"Na watu wakilia?" nilimuuliza.

"Wakilia, dada, watarudi nyumbani wameridhika. Mimi nataka wabishane."

Mchezo ulihusu kisima kilichofungwa kufuli na kijana aliyeuawa akitafuta maji. Kaka mwenyewe aliigiza mama wa kijana, amejifunga leso kiunoni. Baada ya mazishi kikundi kiliniomba nishike nafasi yake, kwa kuwa nilimsikia akijizoeza kila jioni. Nilikubali, nikaichukua na leso yake. Sikutaka mchezo ufe naye.

Siku ya soko la mifugo la Oldonyiro tulisimama karibu na zizi la mbuzi. Nilipofika sehemu ambapo mama anamzika mwanawe nikasema, "Huyu mama alisema," na sauti ikakatika. Machozi yakatoka.

"Huyu analia kweli!" akasema mzee mmoja mwenye mbuzi.

"Nyamaza wewe, anaigiza," akajibu mama mmoja aliyeuza maziwa.

"Anaigiza nini? Kaka yake amezikwa juzi!"

Watu wakaanza kuniambia pole. Nikajua mchezo wa kaka unakufa mbele yangu.

Nikaivua leso, wote wakiniona, nikaikunja.

"Haya machozi ni yangu," nikawaambia. "Huyu mama yeye alisema hivi: ufunguo wa kisima uko kwa nani?"

"Wa kisima chetu si uko kwa shemeji wa mwenyekiti!" mzee akapaza sauti.

"Na mwenyekiti ulimchagua wewe!" mama wa maziwa akamrushia.

Watu wakacheka, kisha wakaanza kugombana kwelikweli. Wanunuzi wakaacha mbuzi wakasogea. Niliketi juu ya jerikani, leso mapajani. Lori la mbuzi lilipoondoka, walikuwa bado wanabishana.