Dada Asiye na Kaburi

Saa mbili asubuhi, Loretta Pruitt anashuka ngazi za masijala ya kaunti, katika milima ya West Virginia. Chini huko hakuna dirisha. Anavuta kitabu kikubwa cha hati za nyumba, anakifungua, kisha anasoma kwa sauti jina la mmiliki wa kwanza.

"Nisipowataja, nahisi wamenisimamia mgongoni," ananiambia. Hacheki.

Kwa zaidi ya miaka thelathini, hii ndiyo kazi yake. Mtu akitaka kununua nyumba, kampuni ya bima ya hati miliki humtuma Loretta kwanza aangalie nani aliimiliki, nani aliirithi, nani hajatia sahihi. Nyumba moja humpatia dola themanini hivi. Yeye mwenyewe amepanga chumba juu ya duka la chakula cha mifugo.

Mwaka juzi alipewa kazi ya kuchunguza nyumba ya mbao iliyoko bondeni. Muuzaji alikuwa Clell Stiltner, mkulima mstaafu. Wanunuzi, Tobin Haskett na mkewe Marisela, walikuwa wanatarajia mtoto wa kwanza, na akiba yao yote ilikuwa inaingia hapo.

Baba yake Clell aliwaachia nyumba hiyo watoto wawili: Clell na dada yake, Verna. Sahihi ya Verna haikuwapo popote. Loretta akampigia simu Clell.

"Verna alishakufa zamani, mama."

"Pole. Alizikwa wapi?"

"Mbali huko."

"Mbali wapi, mzee? Nitajie mji tu."

Simu ikakatwa.

Loretta alitafuta cheti cha kifo, hakukipata. Alizunguka makaburi ya makanisa yote ya bondeni, hakumwona Verna. Ndipo akaamua kwenda kwenye nyumba yenyewe, mchana kweupe.

Ilisemekana nyumba hiyo ilikuwa tupu miaka mingi. Nyasi zilikuwa zimeumeza ua, lakini kinjia chembamba kilikuwa kimekanyagwa hadi mlango wa nyuma. Jikoni, sakafu ilikuwa imefagiliwa. Mezani palikuwa na sahani mbili na mkate wa mahindi uliokuwa bado unatoa mvuke.

"Nilisimama kando ya meza," anakumbuka. "Nikaita, 'Kuna mtu?' Halafu huko juu, kitanda kikalia."

Mwanamke mwenye nywele nyeupe akashuka ngazi, pekupeku.

"Clell ndiye kakutuma?"

"Hapana, bibi. Wewe ni nani?"

"Wanasema nimekufa," akajibu. "Kaa basi, mkate utapoa."

"Na hii sahani nyingine?"

"Ya mama. Akichelewa huwa nakula peke yangu."

Alikuwa Verna; mama anayemsubiri alishakufa miaka mingi. Baba yake alimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili akiwa msichana. Alipotoka alirudi kwao kimyakimya. Clell alikuwa akimwekea unga na mafuta ya taa mlangoni, bila kumsemesha.

Nilipomuuliza Clell, alijibu akiwa nyuma ya uzio wake: "Mimi nilishamzika kichwani mwangu." Akaingia ndani.

Mauzo yalisimama. Marisela alilia garini. "Yaani tungehamia na mtoto mchanga, halafu usiku tusikie mtu anatembea juu?"

Loretta anasema kwamba bila upekuzi wake wangeshalipa ndipo wagundue kwamba nusu ya nyumba ni ya mtu anayeishi ndani yake. "Na mimi sioni kila kitu. Sahihi ya kughushi inaweza kunipita. Hapo ndipo bima inapofaa: mwenye haki akijitokeza baadaye, kampuni inasimama mahakamani na kubeba hasara."

Suala hilo lilifika mahakamani, na mahakama ikamwachia Verna nyumba aishi humo maisha yake yote. Akina Haskett walinunua nyingine ng'ambo ya kilima, baada ya upekuzi, wakiwa na bima.

Loretta anastaafu masika yajayo. Hataki kukaa bure. Kuna watu wengine, anasema, ambao ndugu zao huapa kwamba wamekufa, ila hawana cheti wala kaburi. Anataka kuwagongea milango, mmoja mmoja.

"Nitaanza na mzee wa kule juu, karibu na mgodi uliofungwa. Wanasema nyumba yake haina mtu." Anafunga kitabu. "Juzi nimepita. Vioo vya madirisha vimefutwa, vinang'aa."