Nani Atatufia Leo?

Mume wangu Neville aliuza nyama sokoni Aldenby mpaka magoti yakamgomea. Siku hizi kila Jumamosi huvaa kofia ndefu nyeusi na kuwatembeza wageni wakaone mahali watu walipouawa zamani mjini kwetu. Mimi hufuata nyuma na mwavuli, nikiangalia asipotee mtu. Mdomo wake haujui kupumzika. Hata mezani hunisimulia waliokatwa koo.

Mahali anapopapenda zaidi ni ngazi za Ukumbi wa Nafaka, anaposimulia habari za Doreen, mhudumu wa baa aliyenyongwa kwa skafu yake mwaka 1958.

"Haya, nani atatufia leo?" aliuliza Jumamosi iliyopita, akitafuta mgeni wa kumwigiza. "Kufa ni bure!"

Watu wakaangalia viatu vyao. Neville akamshika mkono bibi mmoja mpole mwenye koti la kijivu. Huku kwetu kukataa mbele za watu ni kuleta zogo, na afadhali mtu afe kuliko kuleta zogo. Bibi akalala kwenye ngazi. Neville akamzungushia skafu nyekundu shingoni.

"Toa ulimi, bibi!" mtu akapaza sauti. Wakacheka, wakapiga picha. Bibi alifumba macho, akaweka kiganja juu ya jiwe la ngazi.

Walipotawanyika, bibi alimfuata Neville na kumrudishia skafu, ameikunja vizuri.

"Samahani kukusumbua, Bwana Tapsell. Doreen ni dada yangu. Nilikuwa mdogo, na nyumbani tulikatazwa hata kumtaja. Nilitaka tu kujua alilala wapi. Asante sana."

Tumemfanyia vile, na anashukuru! Nami nilijua ninachokijua.

"Mwambie, Neville," nilisema. "Mwambie sasa hivi, au nitamwambia mimi."

Neville alivua kofia.

"Dada yako hakufia hapa, mama. Ni kule uchochoroni, nyuma ya duka la samaki, kwenye mapipa ya taka. Nilikihamishia kisa hapa kwa sababu... picha zinatoka vizuri."

Bibi aliitazama ile ngazi aliyoilalia, kisha akatazama kiganja chake.

"Samahani," alisema, "naweza kukusumbua tena?"

Neville alimshika mkono, tukaenda. Penye mapipa Neville alifungua mdomo aanze kusimulia, kwa mazoea, akashindwa. Bibi akajilaza mwenyewe kwenye maji machafu yaliyovuja kutoka duka la samaki, na safari hii hakuna aliyemwomba.