Miguu ya Baba Mchongaji

Kazi yangu ni kuandika karatasi za kliniki kwa Kiswahili chepesi. Daktari akisema mishipa ya fahamu imeharibika, mimi naandika kwamba miguu inakufa ganzi. Ile ya kisukari ilinichosha kuliko zote, kwa sababu nilipoiandika nilikuwa nikimfikiria mgonjwa mmoja tu, baba yangu.

Baba ni mchongaji. Alitoka Ukambani akiwa kijana, na mpaka leo anachonga nje ya nyumba yetu hapa mjini, mtaa wa Mowlem, vile alivyofundishwa na babake. Anakaa chini, anavua viatu, anaubana mti kwa nyayo zote mbili, kisha tezo, kile kishoka chake cha kuchongea, inashuka katikati ya vidole. Ukimwona mara ya kwanza utafumba macho. Yeye huku anapiga soga.

Nilimsomea karatasi kabla haijapigwa chapa. Usitembee peku. Kagua miguu kila jioni, hata chini ya nyayo. Usingoje maumivu.

"Iko sawa," akasema. "Hata mtoto ataelewa."

Nikafurahi kama mjinga. Kesho yake nikamkuta peku, mti umebanwa. Nikamnunulia viatu vya ngozi laini; mti ukateleza, viatu vikawa vya kanisani. Nikafoka. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, siku hizi miguu yake imekomaa kweli, vibanzi vya mti havimchomi kama zamani. Alisema kwa fahari, nami nikataka kulia.

"Baba, hiyo ndiyo ganzi yenyewe."

"Najua. Si wewe uliandika?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema tufanye nini mkuu mwenyewe akisikia, akaelewa, kisha akaendelea na kazi.

Jumamosi moja asubuhi nilimpelekea uji wa wimbi usio na sukari, nikaona damu kwenye mti. Baba alikuwa anachonga tu, akicheka na jirani. Nilipomwambia anatoka damu, aliukagua mti kwanza, kama umepata ufa, ndipo akatazama mguu. Kidole gumba kilikuwa kimepasuka, na chini yake palikuwa na kidonda kingine cha zamani, kinanuka.

Kule kliniki, muuguzi alimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kumweleza habari za miguu. Baba akamweleza yote, neno kwa neno, mpaka muuguzi akaacha kuandika.

"Ni huyu msichana wangu alinifunza," akasema, akinionyesha kwa kidevu. Sikujua niangalie wapi.

Kidole kilikatwa. Daktari akatuonya kwamba akipata kidonda kingine kikaoza, utakatwa mguu wenyewe. Tulipofika nyumbani nikarudia kwa maneno yangu: "Baba, ukishika mti na miguu tena, watakata mguu." Sijui Kiswahili chepesi kuliko hicho.

Wiki chache baadaye nilimkuta amekaa mkekani, mguu mmoja una bendeji, kipande cha mti mbele yake. Hakunikasirikia. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujibiwa.

"Nimeelewa, mama. Sasa hii mti nitashika na nini?"

Nikakaa chini mbele yake, nikaushika mti kwa mikono yangu miwili, nikaukaza. Akainua tezo. Akavitazama vidole vyangu kwa muda, kisha akaiweka chini.