Jemadari Aliyekula Siku Ileile

Mwaka jana nilikaa Kitale kwa binti yangu wiki tano, kwa sababu ya jicho. Nilikuwa nimetolewa mtoto wa jicho la kushoto, na daktari akanikataza kuinama, kupika kwa kuni, kubeba maji na kushika jembe. Yaani alinikataza maisha yangu yote. Nikawa mtu wa kukaa kwenye kiti kama mgeni wa harusi, kitambaa kimebandikwa usoni, nasubiri kuletewa chai.

Aliyenitunza mchana ni mjukuu wangu wa kike, kifungua mimba wa binti yangu. Amemaliza chuo. Nataka niseme hapa bila aibu kwamba huyu msichana ana akili kuliko ukoo wetu wote, wa kwangu na wa mume wangu. Mimi niliishia darasa la tatu. Yeye anaandika hadithi, na vijana watatu wa hapo Kitale waliokuwa wanatengeneza gemu ya kompyuta walimchukua awaandikie hadithi ya gemu yenyewe. Mimi nilifikiri gemu ni kupiga mpira na kukimbiza magari. Kumbe ina wafalme, ina vita, ina watu wanaolia. Yote hayo lazima mtu ayaandike, na huyo mtu alikuwa wa kwetu. Jina lake lingewekwa mwanzo kabisa, peke yake, kwa herufi kubwa, kabla hata mtu hajaanza kucheza.

Nilikuwa nimeshawaambia akina mama wa kanisa letu kule Mabanga. Walikuwa wameiombea hiyo gemu mara mbili.

Kwa kuwa sikuweza kusoma, mjukuu wangu akawa ananisomea. Nilikuwa natenga mawe kwenye maharagwe kwa vidole, yeye amekaa kwenye mkeka na kompyuta yake mapajani.

Hadithi ilikuwa hivi. Watu wameondoka duniani, wanaishi huko juu kwenye nyota, kila kabila na dunia yake. Wanaingiliwa na wadudu wa chuma ambao wanapenya mwilini mwa mtu na kumgeuza awe mmoja wao. Kuna jemadari mkuu wa meli zote za angani. Wadudu wanaingia dunia moja yenye watu wengi kuliko Bungoma na Trans-Nzoia zikiwekwa pamoja. Wengine wameshaguswa, wengine bado, na hakuna wakati wa kuwachambua. Akingoja, wadudu watavuka hadi dunia nyingine zote. Jemadari anafunga njia, anashusha moto kutoka juu. Wote wanaungua, wazima na wagonjwa.

Mjukuu wangu aliniangalia, akaniita bibi kwa lugha ya kwetu. "Kukhu, wewe ungefanya nini?"

Mimi nimeshawahi kushika kisu wakati ugonjwa wa kideri ulipoingia kwa kuku wangu. Nilichinja hata wale waliokuwa wanadonoa vizuri, hata tembe aliyekuwa analalia mayai, kwa sababu boma la jirani lilikuwa hapo tu, ng'ambo ya ua. Kuku si watu, najua. Lakini mkono unajua ulichofanya.

"Pengine ningeshusha huo moto," nikamwambia. "Endelea."

Akaendelea.

Jemadari anatoka kwenye chumba cha kuamuru, anatembea moja kwa moja hadi kwenye karamu. Siku ileile! Majivu bado yanafuka huko chini. Kuna nyama, kuna divai, watoto wanamkimbilia wanamshika mikono. Anavalishwa nishani. Halafu anasimama na bilauri mkononi, anasema, "Nimelipa gharama ambayo wengine waliogopa kuilipa." Watu wanapiga makofi. Mwisho.

"Amelipa nini?" nikauliza.

"Dhamiri yake, Kukhu. Ameubeba huo uzito."

"Anaubeba na mkono gani? Mmoja una bilauri, mwingine una nyama! Waliolipa wameungua, hawajaalikwa. Na hao watoto, nani amewaruhusu wamshike?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahisi kichefuchefu cha kweli, kama mtu aliyekuta unywele kwenye uji.

Nikamwambia habari ya baba yangu, ambayo mama alinipa nikiwa tayari mke wa mtu. Baba alikwenda vita vya Wazungu, akaua watu ambao hakuwajua, katika nchi ambayo hakuweza kuitaja vizuri. Hakuomba kwenda. Aliporudi Bungoma, hakuna aliyemkimbilia. Mama yake mwenyewe alisimama mlangoni akalia, lakini hakumshika mkono. Alijengewa kibanda pembeni ya migomba. Chakula kiliwekwa chini kwenye jani, aliyekileta akaondoka, ndipo yeye akaja kuchukua. Mtoto wake wa kwanza alikuwa ameanza kutembea, na hakuruhusiwa kumbeba. Akakaa hivyo mpaka mzee mwenye kazi ya kuwaosha waliomwaga damu alipokuja na kondoo, akamnyoa, akampaka yale majani ya tumboni mwa kondoo mwili mzima. Ndipo akaingia nyumbani, akala na watu.

"Walikuwa wanamwadhibu?" mjukuu akauliza.

"Wapi! Walimpenda. Walisema ameenda kwa amri, na amerudi na damu. Yote mawili ni kweli. Sasa huyu wako amerudi na damu ya dunia nzima, na nyinyi mnampa nyama."

Aliivuta kompyuta yake karibu. Halafu akafuta karamu. Nilisikia vidole vyake vikitembea kwenye ile mashine mchana kutwa, na kesho yake akanisomea mwisho mpya. Jemadari anashuka, anakuta mlango wa karamu umefungwa. Watu wake wanamwekea chakula chini, wanarudi nyuma. Anakaa peke yake pembeni mwa meli, siku baada ya siku, na mchezaji lazima akae naye, hakuna cha kupiga, hakuna cha kukimbiza. Sijui kuandika hadithi, lakini najua kitu kizuri nikikisikia. Nilimwambia, "Huyo sasa ni mtu."

Wenzake hawakupenda. Mkubwa wao alipiga simu, mjukuu wangu akaiweka kwenye spika huku anakata sukuma wiki.

"Aki ni kali, sikatai," yule kijana akasema. "Lakini bana, hakuna mtu atakaa hapo dakika kumi anaangalia jamaa akikula chini. Wataifuta. Watu wanataka kushinda."

Nikaingilia. "Wewe kijana, huko kwenu hamna mzee?"

"Shikamoo, nyanya. Wazee tuko nao."

"Mtu akitoka kuua, kwenu anashika watoto?"

"Nyanya, hii ni gemu tu."

"Kama ni gemu tu, mbona unaogopa dakika kumi?"

Mjukuu wangu akazima spika haraka, lakini nilisikia huyo kijana akicheka, na kicheko chake kilinichefua kuliko ile karamu.

Baada ya siku chache walikubaliana. Mchana mmoja, kitambaa kimeshatolewa jichoni, mjukuu wangu akanionyesha. Jemadari anashuka kutoka kwenye chumba chake, na mbele yake kunatokea batani mbili za kubonyeza. Moja inasema AOSHWE. Nyingine inasema KARAMU. Mchezaji achague mwenyewe.

"Tumeweka zote," akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Akibonyeza kuoshwa?"

"Anakaa nje kidogo. Wamepunguza. Kama nusu dakika."

"Na karamu?"

Akainamisha kichwa. "Anapewa nishani. Na silaha mpya."

"Kwa hiyo anayekwenda kula na damu anapata zawadi, na anayeoshwa hapati kitu."

"Ndio, Kukhu."

Vijana walikuwa wameshawapa watu wachache wajaribu. Nikauliza wangapi walibonyeza kuoshwa. Akasema mmoja, na huyo alibonyeza kwa bahati mbaya, akarudi nyuma. Yaani mateso ya baba yangu walikuwa wameyafanya batani ya kukwepwa. Nilitamani kuitupa hiyo mashine kwenye shimo la choo.

Ndipo akaniambia lililokuwa linamkaba. Ilikuwa lazima awajibu jioni hiyo kama jina lake libaki au litolewe. Akilitoa, hadithi itakwenda vilevile, karamu na yote, ila yeye hatakuwamo. Akiliacha, kila atakayeifungua ataona kwamba hii ni kazi yake.

"Nataka kulitoa," akasema. "Naona kinyaa. Lakini nataka uniambie wewe. Ukisema nitoe, natoa."

Alikuwa ameshika simu, ujumbe umeshaandikwa, umebaki kutumwa. Na mimi, niliyekuwa nimemhukumu jemadari kwa wiki nzima nikiwa na maharagwe mapajani, nikaanza kuwaona akina mama wa Mabanga. Nikamwona yule mke wa mwenyekiti wa kanisa, ambaye kila Jumapili anatuambia habari za mwanawe wa Nairobi mpaka masikio yanauma. Nikajiona nasimama kuwaambia ati jina lilitolewa. Wangefikiri alifukuzwa. Wangefikiri nilidanganya.

"Wewe ndiye uliyeandika," nikasema. "Mambo ya batani ni yao. Liache."

"Kweli, Kukhu?"

"Si nimesema liache?"

Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Halafu akafuta ule ujumbe, akaandika mwingine, akautuma, akaenda kuanua nguo. Hakuninunia. Ningefurahi kama angeninunia. Tangu siku hiyo ananisomea nikimwomba, lakini hajaniuliza tena mimi ningefanya nini.

Nilirudi Mabanga na jicho jipya. Jumapili ya kwanza mchungaji akasema tusimame tumshukuru Mungu kwa mjukuu wa mama huyu, ambaye jina lake sasa linaonekana hata ng'ambo. Kanisa zima likapiga makofi. Mwanangu mdogo alikuwa ameliweka hilo jina kwenye simu, likapita mkono kwa mkono, na mke wa mwenyekiti akalitazama muda mrefu, akanyamaza, jambo ambalo nilikuwa nimeliombea miaka.

Akanigeukia. "Na hiyo hadithi inahusu nini, mama?"

"Jemadari," nikasema.

"Alishinda?"

"Alishinda," nikamwambia, na mate yakanijaa mdomoni kama ya mtu anayetaka kutapika, lakini tulikuwa kanisani, nikayameza.