Tangi Lililoshika Maji

Harufu ya gundi ya rezini inauma pua na kukaa kooni mpaka chakula kinakosa ladha. Wakati ule wa vita ilikuwa mikononi mwangu hata nikila sombe, mboga ya majani ya muhogo. Tulikaa mtaa wa Kabondo, na uani kwetu, chini ya mabati, kulikuwa na ndege. Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa ndege ndogo uwanjani. Hii yake aliianza kabla ya vita, kwa kujifurahisha tu, na majirani walimcheka kwamba anajenga banda la kuku lenye mabawa. Kisha Mama akaenda Opala kumzika baba yake, vita vikafunga mto na barabara nyuma yake, na kicheko kikaisha. Papa aliapa kumfuata kwa njia ya hewa.

Kilichobaki ni tangi la mafuta. Papa alilitengeneza kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi, nalo lilikuwa likivuja kwenye maungio. Mdomo wake ulikuwa mwembamba, na mkono wangu wa kitoto ndio pekee uliopita. Nilipaka gundi kwa ndani bila kuona, nikipapasa kwa vidole, macho yakinitoka machozi kwa ukali wake.

“Pakaza mupaka ku kona,” Papa alinihimiza. “Ni hii tangi njo itamuleta mama yako.”

Gundi yenyewe tulipewa na tonton Bosco, mjomba wa heshima tu, mvuvi wa kule maporomokoni, aliyeitumia kuzibia boti yake. Alikuja kuikagua kazi kama watu wa mtoni wanavyokagua boti.

“Bon, mutie mayi,” alisema. “Ikikamata mayi mupaka asubui, iko muzuri.”

Petroli ilikuwa adimu kuliko nyama, wala hakuna aliyetaka kuipoteza kwa majaribio. Tukajaza maji. Asubuhi ardhi chini ya tangi ilikuwa kavu kabisa. Papa alinibeba begani kwa furaha, nami nikaenda kumtolea Mama sandukuni kitenge cha kuvaa akifika.

Petroli ilipopatikana, Papa alitia yote, akaifunga ndege kwa kamba na kuiwasha. Injini iliunguruma kidogo, ikakohoa, ikazima. Petroli ilikuwa imelainisha ile gundi ya boti, ikabanduka kama utando wa maziwa na kuziba mrija. Papa aliutazama mrija, akakaa chini.

“Mayi na esanse haifanane,” alisema taratibu. “Nilijua, na nikajaribu na mayi.”

Alikuwa bado anakwangua tangi tulipopata habari kwamba Mama amekufa kwa homa huko Opala, kwa kukosa dawa. Nilimkasirikia tonton Bosco, na Papa nikamkasirikia zaidi. Kitenge nilikirudisha sandukuni.

Leo pikipiki zinakwenda Opala na kurudi, na vijana wanalalamikia matope tu. Ndege Papa aliivunja mwenyewe. Tangi lilibaki kwangu, chini ya mchirizi wa bati, na wanangu huvuta humo maji ya kufulia kwa mpira. Majirani hulisifu kwamba halivuji hata tone. Ni kweli, limeshika maji miaka yote hii, na mimi bado sijalisamehe.